Wiki 12 nyumbani: Jivu, Karani na mita 6 kwa 4

Wiki ya 1, Jumatatu

Mkataba wangu uliisha Ijumaa iliyopita, na kazi mpya inaanza baada ya wiki 12. Kila aliyeniuliza nitaufanyia nini muda wote huo alikuwa anasubiri kusikia habari za safari. Nikamjibu kwamba nakaa nyumbani. "Nyumbani tu?" Nyumbani tu. Nina mbwa wa miaka 11 anayeitwa Jivu, nina paka anayeitwa Karani, na nyuma ya nyumba nina kipande cha ardhi cha mita 6 kwa 4 ambacho kwa miaka mitatu kimeota magugu na lawama.

Mradi wenyewe ni kukigeuza kipande hicho kiwe bustani, na kuandika hapa kila nitakapopata la kuandika. Mchoro niliuchora jana usiku kwa rula. Matuta manne, kila moja upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka upande wowote bila mguu kukanyaga udongo uliolimwa. Njia moja katikati, imenyooka. Rundo la mboji kona ya nyuma. Benchi chini ya mti, penye kivuli.

Lipo lengo la pili, nililiandika chini ya mchoro kwa herufi ndogo: "kutulia". Sikuliwekea kipimo. Nilikotoka, ripoti yenye lengo lisilo na kipimo ilikuwa inarudishwa siku hiyohiyo, kwa hiyo hapa naliandika na aibu kidogo.

Karani ameukalia mchoro tangu asubuhi. Ndiyo maana tukampa jina hilo. Weka karatasi popote ndani ya nyumba hii, haipiti dakika moja yupo juu yake, macho nusu yamefumba, kama mtu anayekuambia njoo kesho.

Wiki ya 1, Alhamisi

Magugu yamefyekwa, isipokuwa hatua mbili hivi karibu na bakuli la maji la Jivu. Alikuwa amelala palepale. Nilipomgusa ahame alifungua jicho moja, akanitazama, akalifumba. Nikapita kando na fyekeo langu. Katikati ya majani yaliyobaki kuna mnyanya uliojiotea, urefu wa shubiri moja, labda kutokana na mabaki niliyowahi kumwaga pale. Kwenye mchoro hapo ni njia. Nitaung'oa akiamka.

Nimepima udongo kwa chupa. Unajaza udongo mpaka theluthi ya chupa, unaongeza maji, unatikisa kwa nguvu, unaiacha mahali isipoguswa. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja au mbili. Tope laini linafuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi ndio wa mwisho, unaweza kuchukua siku nzima au zaidi kabla maji hayajaanza kutakata. Yangu mpaka sasa, saa 20 baadaye, yako rangi ya chai ya maziwa. Mfinyanzi mtupu, kwa hiyo.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu zamani, alinikuta nimeshika jembe asubuhi baada ya manyunyu ya usiku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa mwanangu, unalima au unafyatua matofali?"

Akaniambia nichukue udongo kiganjani, niufinye. Ukikaa bonge na kung'aa, rudi ndani ukalale. Ukimeguka, lima. Mfinyanzi ukilimwa umelowa unashikamana, ukikauka unakuwa mawe. Nilifinya, ukang'aa. Nikarudi ndani.

Wiki ya 2, Jumanne

Nilitegemea kuandika hapa jinsi utulivu unavyopendeza. Sivyo ilivyo. Kufika saa nne asubuhi mkono umeshakwenda kwenye simu mara kumi na hakuna aliyeniandikia. Nimepanga kabati. Nimepanga kabati lilelile tena. Nimepasha chai moja mara tatu. Nyumba ikiwa kimya hivi unasikia jokofu likianza na kuacha, na unaanza kulihesabia.

Wako watu wanaosema bustani ni dawa ya akili. Mimi wiki hii bustani imenipa malengelenge mawili na jua la utosi. Tuta la kwanza na la pili yamelimwa, nimechanganya ndoo tisa za majani yaliyooza. Nimesia nyanya, hoho na mchicha kwenye trei, na mbegu za alizeti kando ya ua. Mnyanya uliojiotea bado upo, kwa sababu kila ninapokwenda kuung'oa Jivu amelala hapo.

Jambo moja nimeliona leo, na sijui kwa nini miaka 11 yote sikuliona. Kabla ya kulala, Jivu anazunguka palepale mara tatu, wakati mwingine nne, kisha anajiachia chini kwa mkupuo, na pumzi inamtoka puani kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha kimya. Hakuna kitu alichokuwa anasubiri.

Wiki ya 3, Jumamosi

Hii ni wiki ya kubomoa mchoro, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Jumatatu nilipanga matofali ya njia. Mstari ulionyooka, kamba imevutwa, kila kitu sawasawa. Jumanne asubuhi nikakuta nyayo za Jivu zimepita katikati ya tuta la pili, zimeingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Nikasawazisha. Jumatano, nyayo zilezile. Nikaweka vijiti na uzi. Alhamisi uzi ulikuwa shingoni mwake na yeye wala hajashtuka.

Ijumaa niligeuza ndoo, nikaikalia, nikamtazama anafanya nini. Anatoka mlango wa jikoni. Anapita kwenye bomba, ananusa tone la chini. Anauzunguka mti kwa kushoto, kamwe si kulia. Anafuata ua mpaka kona ambapo kuna ufa kati ya mbao mbili, na kupitia ufa huo anaona lango na sehemu ya barabara. Anasimama hapo kama dakika mbili. Halafu anarudi kwa mkato, moja kwa moja hadi kwenye bakuli la maji. Hicho alichokanyaga si tuta langu. Ni barabara yake ya miaka mingi. Magugu yalikuwa yameificha tu, na nilipoinama nikaona udongo wa mstari huo ni mgumu kuliko mwingine, umebondeka, kama kijia cha mbuzi.

Nikang'oa matofali yote, nikayapanga upya juu ya njia ya Jivu. Yamekwenda kombo. Tuta la pili sasa lina umbo la ndizi. La tatu limekatwa ncha. Mzee jirani alichungulia akauliza kama rula ilivunjika.

Jambo la pili ni jua. Mboga za matunda kama nyanya na hoho zinahitaji jua la moja kwa moja walau saa 6 kwa siku, zikipata 8 ndiyo vizuri zaidi. Nilikuwa nimekusudia kuchora ramani ya jua, kila saa natoka natia alama. Nikagundua kazi hiyo ina mtu wake. Karani kutwa anahama. Saa mbili asubuhi yuko kizingitini. Saa nne yuko tuta la kwanza. Saa sita kwenye ukingo wa tuta la tatu, saa nane amerudi karibu na bomba, na saa kumi juu ya ile ndoo. Paka mzima hulala kati ya saa 12 na 16 kwa siku, na huyu hatapoteza hata robo saa ya usingizi wake penye kivuli kukiwa na baridi. Kwa siku tatu niliandika alipolala. Tuta la nne, lile la chini ya mti, hakufika hata mara moja. Nilipolipima mwenyewe kwa saa, jua linafika pale kwa muda wa saa mbili na nusu tu kwa siku.

Tuta la nne limefutwa. Yamebaki matatu.

Wiki ya 4, Jumatano

Mchicha ulichomoza siku ya 4. Nyanya siku ya 7. Hoho zilinitesa mpaka siku ya 13, nilikuwa nimeshazisomea hitima.

Karani amelala juu ya trei ya nyanya. Miche 24 imebaki 15. Sina hasira naye, trei ilikuwa dirishani penye jua na chini yake nilikuwa nimetandika gazeti. Ningekuwa paka ningefanya nini?

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ameamua tuta la kwanza ni choo. Udongo uliolainishwa, mkavu juu, hakuna paka anayeweza kuukataa. Hili si la kucheka tu. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba vijidudu vya toksoplasma, ambavyo ni hatari hasa kwa mimba na kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka. Kwa hiyo nimefanya mambo mawili. Tutani nimechomeka vijiti vifupi, kila kimoja shubiri moja kutoka kwa mwenzake, ili asipate nafasi ya kugeuka na kufukua. Na nyuma ya bomba nimemwekea sanduku pana la mchanga mkavu, ambalo nasafisha kila siku. Kupalilia ni kwa glavu, na mboga zinaoshwa. Kinyesi chake na cha Jivu hakiingii kwenye mboji.

Nikiwa kwenye habari za hatari, nimeondoa chungu cha ua la Lilium nililopewa zawadi. Sehemu zote za ua lile ni sumu kwa paka, hata chavua iliyomwangukia manyoya akailamba, na kinachoharibika ni figo. Vitunguu nilivyokuwa nimepanga kupanda tuta la tatu navyo nimeviacha, maana vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Jivu ana tabia ya kutafuna chochote kinachonuka.

Wiki ya 5, Ijumaa

Mboji imepata moto! Nilipanga matabaka kama ilivyo desturi yake: majani makavu mengi, mabichi kidogo, mkono wa udongo, maji, kisha tena. Katikati nikachomeka fimbo ndefu. Leo, siku ya 5, nimeichomoa nikaishika nusu ya chini. Sikuweza kuishikilia. Rundo zuri likiwa kwenye kilele linafika nyuzi 55 hadi 65 za selisiasi ndani, na joto hilo lote linatoka kwa vijidudu visivyoonekana vinavyokula majani yangu. Fimbo ikitoka baridi, rundo ni kavu mno au halina ubichi wa kutosha. Ikitoka na harufu mbaya, limelowa na halina hewa.

Nimeichomoa na kuirudisha mara nne leo bila sababu yoyote ya kitaalamu.

Jivu amehamishia kulala kwake kwa asubuhi kando ya rundo.

Wiki ya 6

Mvua. Miche imehamishiwa tutani kati ya mvua moja na nyingine. Nimelala mchana siku tatu mfululizo, Karani kwenye magoti, na sikumweleza mtu yeyote kwa nini.

Wiki ya 7, Jumatatu

Jivu hakuinuka jana. Aliinua kichwa, mkia ukapiga sakafu mara mbili, lakini miguu ya nyuma ilikataa. Nilimbeba. Kilo 27, na mimi si kijana.

Rafiki mmoja alinishauri kwa simu nimpe kidonge cha maumivu cha kwangu. Nashukuru sikumsikiliza. Daktari wa mifugo aliniambia vidonge vyetu vya kawaida, ibuprofeni kwa mfano, vinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumuua figo, na parasetamoli kidogo tu inatosha kumuua paka. Jivu ana viungo vilivyochakaa. Uzee, si zaidi. Amepewa dawa yake mwenyewe, na masharti: apungue kilo 3, asilale sakafuni patupu, asiruke, na badala ya matembezi marefu mara moja kwa siku apate mafupi matatu, ya dakika kumi kumi, kwa mwendo wake.

Wiki ya 7, Jumapili

Kwa mwendo wake. Nimeyafikiria maneno hayo wiki nzima.

Zamani nilikuwa namtembeza nikiwa na saa mkononi. Nilikuwa navuta kamba anaposimama. Sasa anasimama, nami nasimama. Leo asubuhi tumetumia dakika nne mbele ya nguzo moja. Alianza chini, akanusa kwa pumzi fupifupi za haraka, nasikia kabisa, fss fss fss fss. Akapanda juu kidogo. Akasita. Akarudi chini sehemu ileile, akanusa upande wa kushoto wa sehemu hiyo, kisha akainua kichwa na kutazama barabara kama mtu aliyemaliza kusoma barua na sasa anamfikiria aliyeiandika. Nguzo ile nimepita mbele yake kwa miaka. Ina mchubuko wa rangi ya bluu upande mmoja, na mchwa wameanza kujenga kwenye mguu wake. Sikujua.

Dakika kumi tulifika nyumba ya tatu tu. Tukarudi.

Nimehamisha benchi. Chini ya mti pana kivuli kizuri lakini ukikaa pale humwoni Jivu, maana amelala karibu na bakuli, na Karani hafiki kamwe. Sasa benchi liko ukutani, kati ya bomba na bakuli. Ule mnyanya uliojiotea umefika kiunoni, umeegemea mkono wa kulia wa benchi. Nimeufunga kwa kitambaa laini kwenye mguu wa benchi badala ya kuuchomekea kijiti. Suala la kuung'oa limekwisha.

Wiki ya 8, Alhamisi

Vidukari. Wamejaa kwenye ncha changa za hoho, kijani kwa kijani, huwaoni mpaka ugeuze jani. Ukiwaona wawili leo, keshokutwa ni ukoo. Majike wanazaa bila dume, wanazaa watoto hai na si mayai, na mtoto anazaliwa tayari ana watoto wanaokua tumboni mwake. Kwa kasi hiyo nani atashindana?

Nilichanganya maji na sabuni kidogo, nikawa na chupa mkononi tayari. Kisha nikaona kitu kinatembea kwenye shina. Chembamba, cheusi, madoa ya chungwa mgongoni, kimechongoka nyuma kama mamba mdogo. Nilidhani ni adui mwingine. Nikaketi kwenye ndoo kumwangalia. Alifika kwa kidukari wa kwanza, akamshika, na kidukari akawa anapungua, anapungua, mpaka ikabaki ngozi. Akaenda kwa wa pili. Huyo ndiye mtoto wa vile vijidudu vyekundu vya mgongo wa mviringo wenye madoa meusi ambavyo kila mtoto huvikamata. Kabla hajawa mzuri anakuwa hivyo.

Nikaanza kuona mengine. Sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka shina lilelile. Mmoja alimgusagusa kidukari kwa vipapasio, tone dogo la maji matamu likatoka nyuma, sisimizi akalinywa. Wanawafuga. Na kama wafugaji wote, wanalinda: sisimizi wawili walimvamia yule mamba wangu, akajikunja, akaanguka kwenye jani la chini, akakaa kimya, akaanza kupanda upya.

Niliinuka miguu imekufa ganzi. Saa nzima ilikuwa imepita. Simu ilikuwa ndani, na sikumbuki niliiacha wapi.

Chupa ya sabuni sikuitumia. Nimepaka grisi kidogo kwenye ukanda wa kitambaa nikaufunga chini ya shina ili sisimizi wasipande. Hesabu ya vidukari kesho.

Wiki ya 8, Ijumaa

Hesabu imenishinda. Mamba wako watano.

Wiki ya 9, Jumanne

Usiku natoka na tochi kuokota konokono. Zile punje za dawa zenye metaldehaidi ni sumu kali kwa mbwa, na zina ladha inayowavutia, kwa hiyo haziingii kwenye ua huu. Jana 17, leo 11. Nawatupa nyuma ya mti, kwenye lililokuwa tuta la nne, ambako wanaweza kula magugu wakashiba. Mzee jirani anasema wanarudi kabla sijafunga mlango. Huenda ni kweli.

Nyanya za kwanza za ule mnyanya wa benchi zimeoza kitako. Doa jeusi, kavu, limebonyea upande wa chini wa tunda. Si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalisi, na mara nyingi kalisi ipo udongoni tele, ila haisafiri maji yanapokuja kwa vipindi: leo kufurika, kesho ukame. Ndivyo nilivyokuwa naumwagilia, kwa kumwaga maji ya zamani ya bakuli la Jivu nikikumbuka. Nimeondoa matunda matano, nimetandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne, na sasa maji ni lita mbili kila asubuhi, nikumbuke nisikumbuke.

Karani amejifunza benchi. Anakuja nikishakaa, anakaa umbali wa mkono mmoja, ananitazama, anafumba macho taratibu, anayafumbua. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba paka hufumba macho hivyo zaidi pale mwenyewe anapowafanyia vilevile, na kwamba hata mgeni akiwapepesea macho taratibu wanamsogelea zaidi kuliko akiwatazama bila ishara yoyote usoni. Nimejaribu. Nilifumba, nikahesabu mbili, nikafumbua. Akafumba. Tukaendelea hivyo mara sita au saba. Mara ya nane niliyafumba yangu nikalala.

Wiki ya 10, Jumamosi

Dada yangu amepiga simu kuuliza mradi umefika wapi. Nilitaka kumpa ripoti, nikaanza: matuta matatu badala ya manne, njia imepinda, benchi liko kwingine, vitunguu hakuna, miche ya nyanya imebaki 15 na yote bado kijani, mchicha umevunwa mara mbili, alizeti zinageuka na jua asubuhi mpaka jioni kama zinavyofanya zikiwa changa.

"Kwa hiyo imeharibika," akasema.

"Hapana dada."

"Sasa mbona umebadilisha kila kitu?"

Nilimwambia nilikuwa nimechora kabla ya kuuliza wanaokaa hapa. Akacheka, akaniuliza kama nakula vizuri. Nimeupokea kama wasiwasi wa kawaida wa dada mkubwa.

Jivu amepungua kilo 2. Leo alifika nyumba ya tano.

Wiki ya 11

Barua ya kazi mpya imefika, ina orodha ya nyaraka za kupeleka. Niliiweka mezani nikaenda kumwagilia. Niliporudi mnajua nani alikuwa ameikalia.

Nimepanga jinsi itakavyokuwa nikianza kutoka. Matembezi ya Jivu: alfajiri, jioni, usiku. Maji: lita mbili kabla ya chai. Mtoto wa jirani, mwenye miaka 12, atapitia mchana kumwangalia mbwa. Amekubali kwa sharti moja, awe anachomoa fimbo ya mboji. Rundo limeshapoa na mboji ni nyeusi, inanukia udongo wa mvua, imejaa nyungunyungu, lakini nimemwambia sawa, tutaanza lingine.

Wiki ya 12, Jumapili

Nyanya nane zimeiva. Zote ni za mnyanya wa benchi. Zile 15 nilizozisia, nikazihamisha, nikazifunga na kuzipogoa kwa kufuata kila kanuni, zina matunda makubwa ya kijani na hazina haraka. Nane hizi ni ndogo, mviringo, na moja ina ufa begani.

Saba tumezila nikiwa nimekaa palepale. Sisemi tulikuwa wangapi, ila Jivu alipewa nusu iliyoiva kabisa, bila kikonyo wala jani, akaisukuma kwa pua mpaka chini ya benchi akaiacha.

Ya nane nilikuwa nimeiweka kwa mbegu tangu Jumatano. Unaikamua kwenye glasi, unaongeza maji kidogo, unaacha siku mbili au tatu ichachuke, kwa sababu ule ute unaozunguka mbegu ndio unaoizuia isiote mapema. Juu panatanda utando, pananuka kidogo. Mbegu nzuri zinazama. Unamwaga ya juu, unaosha, unatandaza mahali pakavu.

Nilizitandaza asubuhi hii, mbegu 40, moja moja kwa ncha ya kisu. Sikuona kitu kingine cha karibu, nikatumia nyuma ya ule mchoro wa kwanza, wenye rula. Nikauweka dirishani penye jua. Nikaenda kumvisha Jivu kamba.

Tulichukua dakika 25. Kwenye karatasi kuna mbegu 31. Tisa zimo kwenye manyoya ya tumbo la Karani, na mpaka sasa amekubali nizitoe nne.